Kufuli la Wifi

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imepiga bati tangu asubuhi na mume wangu anatembea kifua mbele kama vile ameinyesha yeye. Msimu umefika. Kitalu kimejaa: miche ya parachichi upande wa juu, michungwa na milimau kando ya uzio, na ile mipera ya mama mkwe ambayo hakuna anayeinunua na hakuna anayethubutu kumwambia.

Nimebebesha mpaka vidole vikakataa kushika kisu. Hiyo ndiyo kazi yangu hapa. Nakata kikonyo cha mti unaozaa vizuri, nakipachika juu ya mche mchanga wenye mizizi ya nguvu, nafunga utepe, halafu namwachia Mungu. Mche ukikomaa hauna subira. Mvua ikipita haujapata mnunuzi, mizizi inatoboa kiriba, ule mfuko wake wa udongo, inaingia ardhini, na ukiung'oa hapo umeuua. Kwa hiyo miezi hii ndiyo mwaka wetu, mingine yote tunasubiri tu.

Nimeamua kuandika msimu huu kwa sababu nina mengi ya kusema na humu ndani hakuna wa kumwambia. Mume wangu ukimsema dada yake, anakumbuka ghafla kwamba gari halijaoshwa.

Dada yake, yaani wifi yangu, ndiye anayekaa chumba cha juu na kompyuta. Kitalu kiko mbali na barabara ya lami, hapiti mtu hapa ila aliyepotea, kwa hiyo wateja wanaagiza kwenye tovuti. Jina la tovuti ndilo jina la kitalu, alilichagua marehemu baba mkwe, na wifi amelilinda tangu siku ya kwanza. Anasema likiondoka hilo, sisi ni watu wenye miti mingi ambayo hakuna anayejua iko wapi. Mimi namwita Kufuli. Moyoni, na humu.

Ijumaa, 6 Machi

Leo kikao cha kufuli. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana tunaitwa juu wote, hata Mama mkwe na magoti yake, tunasimama nyuma ya kiti cha wifi. Anafungua ukurasa wa msajili, ile kampuni inayotuandikishia jina, anasoma kwa sauti: "Jina limefungwa. Mwenye jina ni Mama. Msajili ni yule yule. Halijaombwa kuhamishwa." Kisha anageuka. "Kuna mtu amepigiwa simu, ameletewa ujumbe, ameulizwa chochote kuhusu tovuti?" Kila mmoja lazima ajibu kwa mdomo wake.

"Hapana, dada," akasema mume wangu. Sijawahi kumsikia akimjibu dada yake kitu zaidi ya ndiyo dada na hapana dada.

"Mimi nilipigiwa na daktari wa meno," akasema Mama.

"Alitaka nini?"

"Meno."

Nikamuuliza wifi, kwa adabu kabisa, kwani jina likiibwa si tutaona tu tovuti imezimika? Akanitazama kama mtoto wa darasa la kwanza aliyekojoa.

"Jina haliibwi kwa kelele, wifi. Mwizi anajifanya mwenyewe. Anafungua kufuli, anaomba jina lihamie kwa msajili mwingine. Msajili wetu anatuma taarifa, anasubiri siku tano za kazi mwenye jina apinge. Asipopinga, limekwenda, na limekwenda kwa utaratibu."

"Basi si taarifa itakuja?"

"Itakuja. Lazima awepo mtu wa kuisoma."

Yote hayo mbele ya mume wangu na Mama. Nimemeza, nimeshuka, nimerudi kwa miche yangu ambayo hainifundishi.

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Kubebesha. Mvua.

Alhamisi, 12 Machi

Nilipanda juu kuomba neno la siri la barua pepe ya kitalu. Wateja wanauliza mche upi unafaa udongo upi, wifi anakuja kuniuliza mimi, kisha anarudi kuwajibu wao. Si nijibu mwenyewe?

"Hapana," akasema. "Kila mlango wa ziada ni mlango wa kulinda."

"Mbona Mama analo?"

"Mama ni mwenye jina."

Mama analo kweli. Anajibu wateja kwa simu yake, kwa neno la siri lile lile analotumia benki na kwenye duka la viatu la mtandaoni, maana alishasema kichwa chake kina nafasi ya neno moja tu na anayetaka la pili aje na kichwa chake.

Nimezaa watoto wawili katika nyumba hii, lakini neno la siri bado ni la ukoo. Nimeumia, siwezi kuficha. Mume wangu ameosha gari.

Ijumaa, 13 Machi

Jina limefungwa. Daktari wa meno amepiga tena.

Jumatano, 18 Machi

Oda zimemiminika. Chama cha wakulima cha ng'ambo ya mto kinataka parachichi gari zima. Viatu vyangu havijakauka tangu Jumamosi.

Ijumaa, 20 Machi

Leo nimeshinda, na nitaandika vizuri ili nikumbuke utamu wake.

Vikonyo vya michungwa vililetwa saa sita, vimekatwa asubuhi, na kikonyo kikishinda bila kupachikwa kinanyauka. Gari lilikuwa mlangoni linapakiwa. Mvua haikutaka kusikia la mtu. Katikati ya hayo sauti kutoka dirisha la juu: "Kikao."

Mume wangu akaweka kreti chini. Mimi sikuweka kisu.

"Mimi siji," nikasema. "Vikonyo havisubiri kufuli."

Nikaona mlango umeshafunguka, bora nipite nao. Nikasema kwa sauti ya kufika juu kwamba sisi si wafungwa wa kuhesabiwa kila Ijumaa, kwamba wengine tunafanya kazi inayochafua mikono, na kama jina lina kufuli basi liaminiwe hilo kufuli.

Akashuka. Nikamsikia ngazi kwa ngazi. Akasimama mlangoni mwa banda na mwavuli wake, nami nikajiandaa, maana najua ulimi wa wifi. Akaviangalia vikonyo, akaniangalia mikono.

"Sawa," akasema. "Wiki hii tuache. Mmechoka."

Akaenda garini kumsaidia mdogo wake kuhesabu kreti mpaka likaondoka. Nimeimba jioni nzima.

Jumatatu, 23 Machi

Jua kidogo. Vikonyo vya Ijumaa vinaonekana vimeshika.

Jumatano, 25 Machi

Radi imepiga mnara wa simu. Hakuna mtandao, hakuna barua, hakuna oda. Wifi anazunguka uani kama kuku aliyefungiwa nje. Namwonea huruma kidogo, kidogo tu.

Ijumaa, 27 Machi

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia kwenye ngazi.

Mtandao ulirudi baada ya chakula. Wifi akaita, na leo nikapanda bila neno, maana mtu aliyeshinda anaweza kuwa muungwana. Tukasimama nyuma ya kiti. Akafungua ukurasa na kusema, "Jina limefungwa," kwa mazoea tu, mdomo ulitangulia macho. Halafu akaisogelea skrini.

Kwenye skrini palikuwa na mstari mmoja: jina hili halipo tena kwenye akaunti yako.

Akafungua tovuti. Ilikuwepo. Picha zetu zote zilikuwepo, hata ile ya Mama na kofia yake katikati ya mipera. Namba ya simu tu ndiyo haikuwa yetu, wala mahali pa kulipia.

Mama akasogea. "Lakini si mimi yule pale?"

"Ni wewe, Mama."

"Basi wameiba nini?"

"Mlango, Mama. Anayebisha hodi kwetu sasa anafunguliwa na mtu mwingine."

Akampigia msajili, simu akaiweka mezani ili tusikie wote. Akapokea dada wa malalamiko, ana mafua, sauti imekwama puani. Akatafuta, akapiga chafya, akasema ombi la kuhamisha liliingia tarehe kumi na tisa. Taarifa ilitumwa siku hiyo hiyo kwenye anwani yetu. Hakuna aliyepinga. Siku tano za kazi zilipoisha, jina likahama.

Tarehe kumi na tisa ilikuwa Alhamisi. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, ile Ijumaa yangu. Kama tungepanda zile ngazi, tungekuta kufuli limefunguliwa na ombi likisubiri, na wifi angelipinga kabla chai haijapoa. Nilihesabu mimi, mume wangu alihesabu, nilimwona akihesabu kwa vidole mgongoni. Nikasubiri wifi ageuke. Fimbo ilikuwa mkononi mwake na kichwa changu kilikuwa karibu, na nasema kweli, ningekuwa yeye ningepiga.

Akageuka. Akamtazama Mama, siyo mimi.

"Ni mimi," akasema. "Anwani ya taarifa niliyompa msajili ni ya barua pepe yetu wenyewe, yenye jina la kitalu. Niliona inapendeza. Mtu aliyepata neno la siri la sanduku hilo alikuwa na kila kitu. Aliomba kibali cha kuingia kwenye akaunti mara moja, kikaja humo. Namba ya kuhamishia ikaja humo. Taarifa ikaja humo, akaifuta. Na sasa jina limeondoka, na hata barua za kutusaidia zinakwenda kwake. Miaka yote nimefunga milango, na ufunguo wa akiba nimeuweka ndani ya nyumba ile ile."

Mama akauliza taratibu, "Neno la siri. Ni lile langu?"

"La kwako liliibwa kwingine, Mama, mahali ulipolitumia. Wewe hukujua. Mimi nilijua ni moja kila mahali, nikaliacha, kwa kuwa nilichoka kubishana na wewe. Kwa hiyo ni mimi."

Nikashindwa kunyamaza. "Wifi, Ijumaa ile nilikataa mimi."

"Nilikubali mimi," akasema. Akavuta kiti karibu na meza. "Sasa. Nani hapa anaweza kuongea na mteja kwa simu bila kulia?"

Mpaka sasa naandika na sioni vizuri. Nimeishi na mwanamke huyu miaka tisa nikidhani kiburi chake ni cha kukosa makosa. Leo kosa limemkuta, akalibeba lote peke yake, na langu akalibeba juu yake bila hata kunionyesha kwamba ni zito.

Jumamosi, 28 Machi

Simu. Tatizo lilikuwa namba za wateja, maana ziko kwenye barua, na barua ziko kwa mwizi. Tukashika tama. Mume wangu akakohoa, akatoa simu yake.

"Mimi ninazo, dada. Si ndiye ninayewapelekea."

Anazo zote. Hajui jina la mtu hata mmoja. Ameandika "Parachichi Darajani", "Ndimu Mbwa Mkali", "Mzee Haongei", "Chungwa Kwa Mama Mapacha". Wifi akamkumbatia mdogo wake, jambo ambalo sijawahi kuliona, na nadhani naye hajawahi kulihisi.

Tukagawana. Maneno alitupa wifi: kitalu kipo, miche ipo, namba iliyo kwenye tovuti si yetu, usilipe huko, tupigie hapa. Ndimu Mbwa Mkali alikuwa ameshalipa. Akanitukana mimi na kitalu na aliyenizaa, nikapokea. Wifi alisema hao waliolipa kwa mwizi wapelekewe miche yao kama kawaida. Mume wangu akasema ndiyo dada, na safari hii nilisema nami.

Mama ndiye aliyetuacha hoi. Kila aliyempigia alizungumza naye muda mrefu, habari za wajukuu, habari za mgongo, na mwisho wa siku ameuza mipera. Siyo mmoja wala miwili.

Jumatatu, 30 Machi

Nimekaa kwenye ngazi na bakuli la maharage ya kuchambua, nimsikilize. Msajili mpya, huyo jina lilikohamia, yuko mbali sana na anajibu kwa barua zisizo na mtu ndani: tumepokea lalamiko lako. Wifi amefungua anwani nyingine, nje kabisa ya jina, na anaandika kutoka huko. Anapiga simu, anapewa mtu, anaanza mwanzo. Anakatiwa, anapiga tena, anaanza mwanzo. Hapandishi sauti. Kila anayepokea anamshukuru, anamuuliza aitwe nani, kisha anamweleza yale yale kwa mpangilio ule ule, neno kwa neno, kama hajawahi kuyasema maishani. Mimi ningekuwa nimeshavunja simu ukutani.

Dada wa mafua naye kamshika wifi mkono. Anaandika upande wake, kwamba aliyeingia kwenye akaunti yetu siku ile aliingia kutoka mahali ambapo sisi hatujawahi kuingilia.

Alhamisi, 2 Aprili

Jina limesimamishwa. Msajili mpya ameligandisha mpaka ijulikane nani mwenyewe. Tovuti sasa ni nyeupe tupu, lakini angalau mwizi hauzi tena parachichi zetu asizonazo.

Oda za simu hazifiki hata nusu ya msimu wa kawaida. Wapya hawawezi kutupata. Leo nimenyanyua kiriba mstari wa juu na nimeona mzizi mweupe umechungulia chini. Sikumwambia mtu. Nimekizungusha kiriba, nimekirudisha.

Jumamosi, 4 Aprili

Mvua ya kufa mtu. Gari lilitakiwa kuondoka na mikono haikutosha. Wifi akashuka, akavua viatu vyake vya ndani, akaingia tope hadi vifundoni. Akashika mche wa kwanza kwa shina akaunyanyua.

"Siyo hivyo!" nikamfokea. "Unaninyongea mtoto."

Nikajuta kabla sijamaliza. Wifi akauweka chini.

"Nifundishe," akasema.

Nikamfundisha. Mkono mmoja chini ya kiriba, mwingine ubavuni, shina usiliguse. Alibeba mpaka gari likajaa, polepole, kila mmoja kama amebeba kikombe kilichojaa chai. Hajapasua kiriba hata kimoja. Mume wangu hupasua kila safari.

Jumanne, 7 Aprili

Nimemwomba anifundishe nami. Alikuja bandani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mimi nikibebesha yeye akieleza. Sikujua kwamba kuna kufuli la chini na kufuli la juu. La chini ndilo lililokuwa letu, anayeingia kwenye akaunti analifungua mwenyewe. La juu linashikwa na wale wanaotunza daftari kuu la majina yote, na halifunguki mpaka watu wenyewe wapigiwe simu na waseme ndiyo kwa sauti zao.

"Mbona hatukuwa nalo?"

"Niliona la chini linatosha. Nililiangalia mwenyewe kila wiki."

"Wifi, ulitusumbua kila Ijumaa kwa kufuli la chini?"

Akacheka. Wifi akicheka anafunika mdomo kama msichana. Nimekaa naye miaka yote hii na leo ndiyo mara ya kwanza nimemchekesha kwa makusudi.

Ijumaa, 10 Aprili

Kikao. Hakuna aliyeitwa, tulikuta tumeshapanda. Akasoma: "Jina limesimamishwa. Mwenye jina anabishaniwa. Kuna mtu ameulizwa chochote?"

"Daktari wa meno," akasema Mama. "Nimemwambia aje anunue mpera."

Jumatano, 15 Aprili

Habari mbaya. Mwizi amejibu. Amepeleka kitambulisho chenye jina la Mama. Picha ni ya mwanamke mwingine, lakini jina ni la Mama, herufi kwa herufi. Sasa kule kwa msajili mpya wana akina Mama wawili mezani. Wanataka wote wawili wajitokeze kesho kwenye simu ya picha, saa moja asubuhi, na anayehojiwa awe mwenyewe, asisaidiwe.

Wifi alilisoma hilo neno la mwisho mara mbili. Angeweza kusema mambo ya jina hilo kuanzia herufi ya kwanza, lakini haruhusiwi. Mama hajui hata msajili ni mtu au nyumba.

"Nimfundishe usiku huu," akasema.

"Usimfundishe," nikamwambia. "Ukimfundisha ataongea kama wewe, na watasema amefundishwa. Mwache awe Mama."

Nilitegemea anirukie. Alifikiri, akafunga kompyuta, akasema sawa.

Mistari miwili ya juu mizizi imetoboa. Juzi niling'oa miche mitatu kujaribu. Mmoja umekufa.

Alhamisi, 16 Aprili

Mama alivaa gauni la harusi za watu na ile kofia ya kwenye picha. Sisi tulikaa nje ya mlango tukiwa tumebanana kwenye ngazi, wifi katikati, ameushika mkono wangu bila kujua ni wa nani.

Mhojaji alikuwa kijana mpole. Akaomba kitambulisho. Mama akakionyesha juu chini. Akaombwa akigeuze, akajigeuza yeye. Wifi akafumba macho.

"Mama, jina hili la tovuti mlilipataje?"

"Siyo la tovuti, mwanangu. La kitalu. Mume wangu alilitaja kabla hatujapanda hata mche mmoja. Nikamwambia jina refu, nani atalikumbuka? Akasema watakaokula matunda watalikumbuka." Akaiweka kofia sawa. "Hayo ya tovuti mtamuuliza binti yangu. Yuko nje ya mlango hapo anasikiliza, mmemkataza kuingia."

Kijana akacheka, nikasikia. Akasema mwombaji wa pili amealikwa saa hiyo hiyo, tumsubiri. Mama akauliza ni yupi. Akaonyeshwa kidirisha cheusi pembeni ya skrini.

Wakasubiri. Kidirisha kikabaki cheusi. Mama hawezi kukaa na mgeni bila kumsemesha, akakisogelea.

"Wewe ambaye ni mimi," akasema. "Umeuza watu miche na hawajaipata. Huku mvua inakwisha. Sisi tumewapelekea kwa niaba yako. Sasa njoo basi tusemezane."

Hakuja. Kijana akashukuru, akasema tutajulishwa.

Jumatatu, 20 Aprili

Hakuna neno. Mvua imekuwa manyunyu. Ninageuza viriba, ninakata mizizi iliyotoka, ninajua ninachelewesha tu.

Alhamisi, 23 Aprili

Jina limerudi.

Ilikuwa asubuhi, nilikuwa na kisu mkononi. Wifi hakuita kutoka dirishani. Alishuka ngazi zote pekupeku, akaja mpaka bandani, akasimama, akafungua mdomo, akalia. Mtu ambaye hakulia alipoibiwa wala aliposukumwa huku na kule kwa simu wiki nne, amelia jina liliporudi, nami nikaweka kisu chini nikalia naye, na mume wangu akaja akatukuta akaenda kuosha gari.

Mchana tovuti iliwaka na picha zote na namba yetu. Jioni oda kumi na kitu. Mawingu yamejikusanya tena upande wa mtoni.

Jumatatu, 27 Aprili

Mvua ya mwisho, nzuri, ya kunyesha taratibu. Gari linatoka mara mbili kwa siku. Mistari ya juu imepona isipokuwa miche michache. Mipera imekwisha, na Mama anatembea hapa kama mtabiri.

Ijumaa, 1 Mei

Kikao. Wifi amesoma mambo mapya. Anwani ya taarifa iko nje ya jina. Mama ana neno la siri jipya, la barua peke yake, na amelalamika kwamba limefukuza kichwani siku ya kuzaliwa ya mtu, hajui nani. Na kufuli la juu limefungwa. Halitafunguka kwa lolote mpaka watu wawili wapigiwe simu, mmoja mmoja, na wote wakubali.

"Mtu wa kwanza ni mimi," akasema. "Wa pili ni wifi."

Nikageuka kumtafuta wifi mwingine.

Mume wangu mwenyewe alishangaa. Ndiye ndugu wa damu. Nikasubiri watu washuke, nikabaki.

"Kwa nini mimi? Mimi ndiye niliyekukatalia."

"Ndiyo maana." Alikuwa anafuta kioo cha kompyuta, hakunitazama. "Mdogo wangu ananiambia ndiyo dada hata nikimwambia aingie kisimani. Mama ataniambia ndiyo ili aende akapumzike. Siku nikikosea, au siku mtu akiniiga sauti, nataka awepo mtu humu ndani asiyenikubalia hivi hivi. Katika nyumba hii ni wewe peke yako."

"Na ile Ijumaa?"

"Ile Ijumaa ulikuwa na sababu na uliisema. Kosa langu ni kwamba nami nilikuwa na sababu, nikainyamazia."

Sijui nilishukaje zile ngazi. Nilidhani mlango wa nyumba hii nimefungiwa, kumbe alikuwa ananipima bega kama litabeba.

Ijumaa, 8 Mei

Msimu umekwisha. Kitalu ni uwanja mtupu na viriba vilivyopasuka. Nilikuwa naanza kuchambua mbegu za mwakani simu ikaita, namba ya mbali.

"Kuna ombi la kufungua kufuli la juu kwa ajili ya mabadiliko," akasema mtu huyo. "Mtu wa kwanza amekubali. Wewe ni mtu wa pili. Unakubali?"

"Mabadiliko gani?"

"Siruhusiwi kukueleza. Unakubali au hukubali?"

Nilijua ni wifi. Niliisikia sauti yake kutoka dirisha la juu muda mfupi uliopita, akisema ndiyo. Nilijiona kama mwizi ni mimi.

"Sikubali," nikasema.

"Ombi limekataliwa," akasema, akakata.

Nikasikia ngazi. Akaja mpaka mlangoni mwa banda, akasimama pale pale aliposimama siku ile, safari hii bila mwavuli.

"Umenikatalia."

"Nimekukatalia. Hukuniambia."

"Nilikuwa na haraka. Nilitaka tuhamishe tovuti kwenye mtambo wenye kasi kabla ya msimu ujao."

"Sikujua."

Akavuta ile ndoo, akaipindua, akakaa. Akanieleza mtambo ni upi, ni wa nani, kwa nini siyo ule wa zamani, na kufuli litakaa wazi muda gani. Nikamuuliza maswali mawili. La pili hakuwa na jibu, akapanda juu akalitafuta, akarudi nalo.

"Sasa omba tena," nikamwambia.

Akainuka. Mlangoni akageuka. "Ahsante, wifi."

"Ya kukubali?"

"Ya kukataa," akasema, akaenda.

Simu ilipoita mara ya pili, nilisema ndiyo.